Siku ya Mapumziko Katika Maktaba ya Watu Wote

(Maneno ya mazungumzo kwa wasikilizaji wa mijini na wa mashambani)



Mtu akiingia katika maktaba yo yote ya Kenya wiki chache kabla ya mitihani, ataona jambo la kustaajabisha. Viti vimejaa, na juu ya kila meza pana vitabu. Walakini vitabu hivyo karibu vyote si vya maktaba. Vijana wamekuja navyo kutoka nyumbani: madaftari yao, vitabu vya shule, na karatasi za maswali ya miaka iliyopita. Nyuma yao makabati yamesimama kimya, na vitabu vilivyomo havikuguswa tangu asubuhi. Vijana hao hawana kosa. Kwao nyumbani pana chumba kimoja, redio ya jirani na mtoto mchanga aliaye. Maktaba huwapa kiti, mwanga na utulivu, na vitu hivyo vitatu ni haba mjini. Lakini mitihani ikiisha, viti navyo hubaki vitupu, kana kwamba nyumba ile haina kazi nyingine.

Watu wengi wamekwisha kukubali kwamba ndivyo ilivyo, ya kuwa maktaba ni chumba cha kungojea mtihani. Seremala hakuingia humo tangu alipoacha shule. Muuguzi atokaye kazini asubuhi hupita mlangoni akaenda zake. Mzee aliyestaafu kazi ya reli hukaa barazani akingoja gazeti la jirani. Wakiulizwa sababu, jibu lao ni moja: "Kusoma nilimaliza." Neno hilo, "nilimaliza", ndilo linalotakiwa kuchunguzwa leo, maana lina hasara kubwa ndani yake kuliko wanenao wanavyodhani.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi mlango wenyewe ulivyofunguliwa. Katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia, pana jumba la mawe lenye nguzo nene mbele yake na simba wawili wa mawe waliolala kwenye ngazi. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan. Bwana William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani tajiri aliyehamia nchi hii, akawa na shamba kubwa huko Juja; alikufa mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Bibi Lucie McMillan, alitaka kumwekea ukumbusho, na jumba hilo likafunguliwa mwaka 1931. Sehemu ya fedha za kulijenga ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani.

Hapa yapasa kusimama kidogo, maana habari ya huyo Carnegie ina mafundisho yake. Andrew Carnegie alizaliwa Uskoti mwaka 1835, mwana wa mfumaji nguo. Jamaa yake walihamia Marekani mwaka 1848, na yeye akaanza kazi ya kiwandani angali mtoto, kisha akawa tarishi wa ofisi ya simu za maandishi. Katika mji wao alikuwako mkubwa mmoja wa jeshi, Kanali Anderson, mwenye vitabu vipatavyo 400, naye aliwaruhusu vijana wafanyao kazi kuazima kitabu kimoja kila Jumamosi. Baadaye kijana Carnegie akaambiwa kwamba ruhusa ya bure ni ya wanagenzi wa kazi za mikono tu, na tarishi hamo katika hesabu yao. Hakunyamaza. Aliandika barua gazetini kulalamika, na mlango ukafunguliwa. Alipokuwa tajiri mno wa chuma alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali.

Basi fedha za mtu aliyewahi kuzuiwa mlangoni zilisaidia kujenga jumba la Nairobi, na jumba hilo nalo likawa na mlango wa kuzuia. Kwa zaidi ya miaka 25 Maktaba ya McMillan ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kufagia sakafu yake, kufuta vumbi la vitabu vyake na kulinda mlango wake usiku. Kuketi mezani na kufungua kitabu hakuruhusiwa. Wenyeji wa asili ya Kihindi walijipatia yao, Maktaba ya Desai. Zuio hilo liliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1962 jumba likakabidhiwa Baraza la Jiji. Wako wazee wangali hai waliopita mbele ya simba wale wakiwa vijana, wakijua kusoma vizuri, nao hawakuthubutu kupanda ngazi.

Ndiyo maana neno "nilimaliza" ni zito. Lililokatazwa wakati ule halikuwa mtihani. Shule zilikuwako, ingawa chache, na mitihani ilifanywa. Lililokatazwa lilikuwa jambo la anasa: mtu mzima kuketi siku nzima kwenye kiti kizuri, akajichagulia la kusoma, pasipo mwalimu wa kumwamuru wala bwana wa kumwuliza anafanya nini.

Na afikiriwe basi mtu mmoja, seremala wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambaye Jumamosi moja hana kazi ya haraka. Kwa watu wa upande huo safari si ndefu, maana maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizo matawi ya McMillan, zimo katikati ya makao ya wafanyakazi. Nyumba hizo zilichakaa sana kwa miaka mingi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na akina mama wawili wa Nairobi, limeshirikiana na serikali ya jiji hilo katika kazi ya kuzitengeneza.

Seremala huyu aingiapo hutakiwa kuandikisha jina lake, na mahali pengine hulipa ada; na aulize mlangoni bila haya. Mfuko wake huenda akaambiwa auache kwa mlinzi. Hilo lisimuudhi, maana mwizi wa vitabu hana alama usoni. Ndani atakuta makabati marefu na namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu, na hapo ndipo wageni wengi huvunjika moyo wakadhani namba zile ni siri ya wenyewe. Si siri. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alizitunga mwaka 1876, akagawanya elimu yote ya wanadamu katika mafungu kumi, kutoka 000 hadi 999. Kilimo ni 630, na ndani yake nyuki wana 638. Habari za nchi ya Kenya huwekwa kwenye 967.62. Lugha ya Kiswahili ni 496.392. Kazi ya kuunda meza na viti ni 684. Mtu akikumbuka namba moja tu, ile ya kazi yake mwenyewe, amekwisha kupata ufunguo. Kwa kuwa ataona majirani wa kitabu chake kushoto na kulia, na majirani hao ndio utamu wa maktaba. Dukani mtu huuliza anachokijua. Kwenye makabati hukutana na asichokijua.

Seremala, kama ilivyo desturi ya mafundi, huanza na kazi yake. Huchukua kitabu cha samani chenye picha nyingi, akifikiri atatazama michoro tu. Kurasa chache mbele anakuta sura inayohusu unyevu wa mbao. Humo inaelezwa kwamba ubao, hata baada ya kukauka, hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi, na kwamba hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, ilhali kwa urefu wake haubadiliki ila kidogo sana. Kwa hiyo uso wa meza uliokazwa kwa skurubu pande zote, bila nafasi ya kusogea, hauna budi kupasuka. Dawa yake ni kutoboa matundu marefu kidogo ya skurubu, ili ubao upate kutembea. Miaka mingi wateja wamemrudishia meza zilizopasuka, naye amemlaumu mwuza mbao, na mwuza mbao amelaumu msumeno, na mke wake amelaumu jicho la watu. Jibu lilikuwa kabatini, chini ya namba 684.

Walakini faida kama hiyo isitajwe kupita kiasi. Wako wasemaji ambao hawawezi kusifu kitabu mpaka waonyeshe shilingi iliyotoka ndani yake, na kwa maneno yao kusoma kumekuwa kama dawa ya minyoo: chungu, lakini hufaa. Siku ya seremala ingekuwa njema hata kama meza zake zisingepasuka kamwe.

Ikifika saa nne anainuka kunyosha miguu. Anapita kwenye kabati la kamusi, akafungua moja pasipo kutafuta neno lo lote, akasoma neno moja likamwongoza kwa jingine. Huu ni mchezo wa watu wasio na haraka. Kisha anaketi penye magazeti. Maktaba ya McMillan ina hazina kubwa ya magazeti ya zamani, mengine ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mtu ayafunguaye hupata jambo ambalo vitabu vya historia hukosa: bei ya sukari, tangazo la baiskeli iliyopotea, malalamiko ya mtu juu ya tope la njia. Gazeti la leo husomwa kwa wasiwasi, kwa kuwa halijulikani litaleta nini kesho. Gazeti la kale husomwa kwa utulivu, kwa kuwa kesho yake imekwisha kujulikana.

Adhuhuri njaa hushika, na kula ndani ya maktaba hapana ruhusa. Sababu ni mende na panya, ambao huanza na makombo na kumalizia na jalada. Seremala anatoka nje, anakula mahindi ya kuchoma au chapati na maharagwe penye kibanda, ananawa mikono vizuri, anarudi. Kunawa mikono si adabu ya bure. Mafuta ya kidole kimoja hukaa katika karatasi muda mrefu kuliko aliyeyaacha.

Mchana ndio wakati wa kitabu kirefu, na hapo anachagua kilicho mbali na mbao. Anakipata kitabu chembamba cha James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliokombolewa katika utumwa, na aliandika kwa Kiswahili habari za waliokamatwa bara, wakapitishwa njia za pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa na manowari za Kiingereza na kukalishwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875. Mtu aweza kubishana na mwandishi huyo. Wako wasomao siku hizi waonao kwamba amewasifu mno Waingereza, na maneno yao yana nguvu. Lakini seremala amewahi kupita Mombasa kwa basi, akasikia utingo akiita "Kengeleni! Kengeleni!" naye hakuuliza kwa nini mahali pakaitwa hivyo. Sasa anajua. Palikuwa na kengele ya watu wale, na ingali pale karibu na njia kuu. Basi ataipita tena siku moja, na haitakuwa kituo cha basi tu.

Ikifika saa tisa jua limeingia dirishani na macho yanakuwa mazito. Huenda akalala kidogo, kichwa mkononi. Wakutubi wengi husamehe usingizi, mradi usikorome. Akiamka na asiwe na nguvu ya jambo zito, pana hadithi za kupumbaza: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa na kiko chake huchunguza mauaji huko Unguja. Asikimalize siku hiyo. Akiwa mwanachama ataazima, na kama si mwanachama, basi ana sababu ya kurudi.

Jambo moja la mwisho kwa upande wa adabu, maana wengi hulikosea kwa nia njema: kitabu ukikimaliza usikirudishe kabatini mwenyewe. Kiache juu ya meza. Kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake, hata kwa tofauti ya rafu moja, hakionekani tena kwenye hesabu, nacho ni sawa na kilichoibiwa. Kuhusu wakatao kurasa kwa wembe ili wasichukue taabu ya kunakili, hapana haja ya maneno mengi. Hao ni wezi wa watu ambao hawajazaliwa.

Yasemwe pia yanayosemwa dhidi ya siku kama hii. Kwanza ni fedha. Fundi asiyefanya kazi Jumamosi hapati kitu Jumamosi, na mke wake ana haki ya kuuliza siku imekwenda wapi. Hilo ni kweli, wala haifai kulificha kwa maneno matamu. Siku hiyo ina gharama, na ndiyo sababu haiwezi kuwa ya kila wiki. Lakini mke huyo huyo hakuuliza juu ya Jumamosi nyingine zilizokwisha kwenye mchezo wa bao, au mahali pabaya kuliko pa bao, ambako fedha hazikukosekana tu bali zilitoka.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la wanawake. Seremala aliondoka nyumbani asubuhi akarudi jioni, na chakula kilikuwa tayari. Ni nani atakayempikia mkewe siku yake ikifika? Mwanamke aonekanaye ameketi peke yake katika maktaba, mtu mzima, asiye mwanafunzi wala mwalimu, ni nadra kuonekana, na sababu yake si kukosa hamu. Wanawake wengi hufika pamoja na watoto wao, wakawaketisha kwenye meza ndogo, na wao wenyewe wakasoma kwa kuibia, jicho moja kwenye ukurasa na jingine kwa mtoto. Mume anayeijua ladha ya Jumamosi ile na achukue zamu ya watoto Jumamosi ifuatayo.

Na mkaaji wa shamba je? Zamani, kuanzia mwaka 1948, East African Literature Bureau ilikuwa na desturi ya kupeleka masanduku ya vitabu vijijini, na kuazimisha vitabu kwa posta kwa watu wakaao mbali. Bodi ya Maktaba za Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikaanza kazi mwaka 1967, na matawi yake yameenea katika miji mingi ya wilaya za zamani. Mwaka 1996 huko Garissa ulianzishwa mpango wa ngamia: vitabu hutiwa katika masanduku, hupakiwa mgongoni mwa ngamia, pamoja na hema na mikeka, na maktaba huwafuata wafugaji badala ya kuwangoja. Mwanafunzi wa huko hukaa mkekani chini ya mti, na namba za Dewey ni zile zile.

Limebaki tatizo la lugha. Katika makabati mengi vitabu vya Kiingereza vinazidi sana vile vya Kiswahili, na vya lugha za nyumbani ni vichache zaidi. Wakutubi hununua vile wanavyoona vinatakiwa, na hujua vinavyotakiwa kwa kutazama daftari la maazimo na maombi ya wasomaji. Msomaji asiyeuliza hayumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu akikosa kitabu anachokitaka, na amwendee mkutubi mezani, ataje jina la kitabu na la mwandishi kama analijua, au aseme tu ni cha jambo gani na kwa lugha gani, kisha aombe ombi lake liandikwe. Akirudi baada ya miezi miwili au mitatu, na aulize tena.